Mswada umekuwa sheria, ni nani atakayewatoa vyumbani?

NDUGU Waislamu, leo tunawaomba tutazame jambo ambalo lilijadiliwa Bungeni kwa muda mrefu, likaandikwa magazetini kwa siku chache, kisha likasahauliwa kana kwamba limekwisha. Nalo ni sheria ya watu wenye ulemavu.

Mnamo Mei 2025 Rais William Ruto aliutia saini mswada ulioanzia katika Seneti mwaka 2023, ukiwasilishwa na Seneta Crystal Asige, seneta wa kuteuliwa ambaye yeye mwenyewe haoni. Mswada huo ulipita katika mabunge yote mawili, ukajadiliwa kifungu kwa kifungu, na ulipotiwa saini ukaiondoa sheria ya mwaka 2003 ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyokuwa ngao ya walemavu wa Kenya. Ngao hiyo ilikuwa na matundu, na ni vyema tuyaelewe, maana hapo ndipo palipokuwa na kiini cha mjadala.

Sheria ya 2003 ilisema kwamba Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu litajitahidi kuhakikisha asilimia 5 ya kazi za vibarua, za dharura na za mkataba zinatengewa walemavu. Msomaji aliyekaa darasani kusoma fiqhi atalitambua neno hilo mara moja. Kujitahidi si kuwajibika. Aliyejitahidi akashindwa hana dhambi, na kwa hakika wengi walijitahidi wakashindwa bila ya kuulizwa. Sheria mpya imemgeukia mwajiri mwenyewe: kila mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira kwa watu wenye ulemavu. Kwa lugha ya madrasa, lililokuwa sunna limefanywa faradhi.

Si hilo tu. Sheria hii inazungumzia haki ya mtu mwenye ulemavu kutambuliwa mbele ya sheria kama mtu kamili, haki ya kuoa, kuolewa na kuwa na familia, na wajibu wa serikali za kaunti, ambazo sheria ya zamani haikuzijua kwa kuwa hazikuwapo. Kabla ya hapo Katiba ya mwaka 2010 ilikwisha kuweka misingi: nafasi mbili za maseneta wa kuwakilisha watu wenye ulemavu, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na agizo la kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe ni watu hao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa Desemba 2006, Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka uliofuata. Kwa hiyo karatasi hazikosekani.

Lakini wabunge, hata wakesha usiku kucha, hawana ufunguo wa chumba cha nyuma.

Katika sheria ile ya 2003 kilikuwapo kifungu cha 45 ambacho hakikusomwa sana mimbarini. Kifungu hicho kilimkataza mzazi, mlezi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu kwa namna ya kumnyima fursa na huduma anazostahiki, na kikaweka faini isiyozidi shilingi 20,000. Tuzingatie ni nani aliyekuwa akiambiwa. Hakuwa waziri wala mwenye kiwanda. Alikuwa ni baba, mama, ami na shangazi. Watunga sheria walijua, tangu wakati huo, kwamba dhuluma ya kwanza anayoipata mtoto huyu haimkuti barabarani, humkuta nyumbani.

Na sisi tunalijua hilo kuliko wao. Ni nani kati yetu asiyejua nyumba moja mtaani ambamo yumo mtu asiyetolewa nje wageni wanapokuja? Posa inapoletwa kwa dada yake, yeye hupelekwa kwa jirani. Siku ya Idd hupelekewa sahani yake kule kule alipo. Jina lake halimo katika hesabu ya watoto anapoulizwa baba ana watoto wangapi. Sensa ya mwaka 2009 ilipata kuwa Wakenya wenye ulemavu ni kiasi cha asilimia 3.5, na ile ya 2019 ikapata asilimia 2.2 miongoni mwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Wataalamu wa hesabu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba maswali yalibadilika na kipimo si kile kile. Ila Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wenye ulemavu duniani ni kiasi cha asilimia 16. Karani wa sensa huandika anayetajiwa, na chumba cha nyuma hakitajwi.

Sababu ya kuficha ni aibu, na chini ya aibu mna itikadi mbovu. Tumewasikia watu wazima, wenye kuswali, wakisema mtoto huyu ni adhabu ya kosa la mamake, au ni kazi ya majini, au ni jicho la fulani. Wengine humzungusha kwa waganga mpaka fedha za matibabu ya kweli zikaisha. Hivi tumeisahau habari ya Nabii Yaqub (A.S.), ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni, naye ni nabii mtoto wa nabii? Au habari ya Nabii Musa (A.S.)?

Kisa cha Nabii Musa kinafaa kutazamwa zaidi, kwa kuwa kimo ndani yake jambo lile lile lililowashughulisha wabunge. Musa alikuwa na uzito katika ulimi. Alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi, na akaomba ndugu yake Harun, aliyekuwa fasaha zaidi, awe msaidizi wake. Akapewa alichoomba. Hakuambiwa kwamba kazi ya ujumbe haimfai mwenye ulimi mzito, wala hakuambiwa akae nyumbani ale riziki yake. Alipewa kazi, na pamoja na kazi akapewa msaidizi. Mwajiri anayeuliza atamfanyia nini mfanyakazi asiyesikia, au karani asiyeona, jawabu lake liko katika Surat Taha, alisome.

Kisha yuko Abdullah bin Umm Maktum (R.A.). Kila mtoto wetu anayehifadhi Juzuu Amma hupita katika Surat Abasa, na mwalimu humweleza kwamba sura hiyo iliteremka kwa ajili ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume (S.A.W.) alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi. Ajabu ni kuwa katika baadhi ya madrasa ambamo sura hii inasomwa kwa sauti kila asubuhi, mtoto asiyeona akiletwa mlangoni hurudishwa kwa udhuru kwamba hakuna msahafu wa nukta nundu. Udhuru gani huo? Qur-ani ilipokewa kwa masikio kabla ya kupokewa kwa macho, na vyuo vyetu vya zamani vya pwani vilihifadhisha kwa kusikiliza na kukariri. Mtoto asiyeona ni mwanafunzi ambaye madrasa iko tayari kumpokea kuliko shule yoyote, ikiwa tu mwalimu atamkubali.

Ibn Umm Maktum hakuishia kuwa mwanafunzi. Alikuwa muadhini pamoja na Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipotoka Madina kwa safari na vita, zaidi ya mara moja alimwacha yeye kuwa naibu wake mjini. Leo tunapobishana kama mtu asiyeona anaweza kuwa chifu, hakimu au mwenyekiti wa kamati ya msikiti, tukumbuke kwamba mji wa Madina uliwahi kuachwa mikononi mwa mtu huyo. Miaka mingi baadaye, katika Makka, fatwa za Hija zilikuwa zikitolewa na Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi, mwenye chongo na mguu wa kuchechemea, ambaye mwishoni alipofuka kabisa. Na karibu na zama zetu, Sheikh Abdulaziz bin Baz, mufti wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 1999, aliishi karibu maisha yake yote ya elimu bila ya kuona.

Iko hadithi nyingine ya sahaba huyo huyo ambayo makhatibu huipenda. Aliomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa haoni, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama anasikia adhana. Aliposema anaisikia, akaambiwa aitikie. Hadithi hii hutumiwa kuwahimiza wavivu, na ni sawa. Lakini ina upande wa pili usiosemwa. Ikiwa asiyeona anatakiwa afike, basi ni lazima njia ipitike. Haiwezekani tumtake aitikie wito kisha tumuwekee mbele yake mtaro usiofunikwa, ngazi saba zisizo na kishikio, na birika la kutawadhia lililo chini shimoni.

Hapa tuseme neno juu ya lugha yetu, ingawa ni kando kidogo ya mada. Kiswahili cha wazee kiliwaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika umbo la maneno yenye ki- na vi-, pamoja na kiti na kikapu. Si kwamba wazee walikuwa na nia mbaya. Hata hivyo wenyewe wenye kuitwa majina hayo wameomba waitwe wasioona, wasiosikia, watu wenye ulemavu, na sheria zimefuata. Wako wanaodharau jambo hili wakaliona ni urembo wa maneno. Sisi tunaona kwamba dini iliyokataza kuitana kwa majina ya kuudhi haina sababu ya kuwa nyuma ya Bunge katika hili.

Sasa tuje kwenye Ijumaa yenyewe. Mtu akitaka kuwaona Waislamu wenye ulemavu, na aende kwenye msikiti mkubwa wowote wa mjini saa saba mchana. Atawakuta wamepangwa mlangoni, mikono imenyoshwa. Tunapotoka tunawapa sarafu, tunajiona tumetenda wema, na hakika sadaka ni wema. Lakini mtu huyo aliyeko mlangoni, je, aliswali wapi? Tumemzoea nje hata hatushangai kutomuona ndani. Sadaka imekuwa bei ndogo tunayoilipa ili tusiulizwe juu ya haki.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alikutana na mzee kipofu akiomba mlangoni. Mzee huyo alikuwa Myahudi. Umar alimpa kilichokuwa nyumbani kwake, lakini hakukomea hapo. Aliamuru mzee yule na wenzake wa mfano wake wapewe fungu katika hazina ya umma. Kitendo cha kwanza kilikuwa sadaka ya mtu mmoja, cha pili kilikuwa sheria ya dola. Naye Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, wanahistoria wamemwandika kuwa alimpa kila kiwete mtumishi na kila kipofu kiongozi wa njia kwa gharama ya hazina, na akawazuia wasiombe watu. Hayo yalikuwapo karne nyingi kabla ya mabunge ya leo kuanza kuyazungumza, kwa hiyo wale wanaosema kwamba haki hizi ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na wafadhili wametusahaulisha mali yetu wenyewe.

Pamoja na hayo, lipo suala moja ambalo halikosi utata, nalo ni hilo la kutambuliwa mbele ya sheria: kusaini mkataba, kumiliki ardhi, kuendesha mali. Watetezi wa walemavu wanataka mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Wazee wetu wanasema fiqhi inamjua walii, na kwamba Qur-ani yenyewe imetahadharisha wasikabidhiwe mali wasioweza kuiendesha, bali walishwe na wavikwe kwayo. Kauli zote mbili zina ukweli, na kosa linatokea zinapochanganywa.

Asiyeona, asiyesikia na asiyetembea wana akili timamu. Ni mukallaf kama sisi, wataulizwa swala zao na deni zao. Asiyesema, ishara yake inayofahamika ni sawa na maneno ya msemaji. Hivyo ndivyo mafakihi walivyokubali katika kuuza, kununua na kuoa, kabla ya lugha ya ishara ya Kenya kutajwa katika Katiba. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, asiyeona huhitaji wakili katika kuuza kitu kinachohitaji kuonwa, ilhali madhehebu mengine yamemruhusu auze mwenyewe. Lakini tuangalie sababu: waliomuwekea wakili walichelea asipunjwe. Wakili ni wa kumlinda, naye humchagua mwenyewe. Anayeigeuza hukumu hiyo kuwa njia ya kumpunja ameipindua juu chini.

Aliye na upungufu wa akili ndiye anayehitaji walii. Naye walii si mwenye mali. Ni mwenye amana, ataulizwa senti kwa senti.

Tunasema haya kwa sababu ya mirathi. Vinavyomzuia mtu kurithi katika sheria ya Kiislamu vinajulikana: kumuua unayemrithi, kutofautiana dini, na utumwa. Ulemavu haumo. Binti asiyesikia ana fungu lile lile la dada yake anayesikia, bila ya kupungua hata kidogo. Na bado, marehemu anapozikwa na nyumba ikaja kugawanywa, mara nyingi husikika kauli hii ya upole: huyu hana haja ya fungu, sisi ndugu zake tutamlisha. Fungu lake huingia katika fungu la kaka mkubwa. Kaka akifariki, wajane na watoto wa kaka hawalijui deni hilo, na yule aliyekuwa mmiliki huwa mgeni katika nyumba ya babake. Mahakama za Kadhi zinatambuliwa na Katiba kwa mambo kama haya ya mirathi, ndoa na talaka, na kadhi anayeletewa orodha ya warithi hana budi kuuliza kama wote wametajwa, na mwenye ulemavu asikilizwe mwenyewe, kwa mkalimani wa ishara ikibidi, si kwa kinywa cha kaka yake. Kama sheria mpya itatumika kwa jambo moja tu miongoni mwa familia za Kiislamu, tungependa iwe hilo.

Kwa upande wa ajira, wenye maduka ya jumla, magari ya uchukuzi, mahoteli na viwanda vya unga miongoni mwetu wengi wana wafanyakazi zaidi ya 20. Wasisubiri mkaguzi. Jirani zetu wa Tanzania wana funzo hapa. Sheria yao ya mwaka 1982 iliweka asilimia 2 kwa mwajiri mwenye watu 50 na zaidi. Ile ya 2010 ikapandisha hadi asilimia 3 na kushusha idadi hadi watu 20. Tarakimu zikipanda bila ya mtu kuzihesabu kazini, mlemavu atabaki kuzisoma gazetini.

Na kamati za misikiti? Msikiti ni jengo la umma. Sheria ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kuyarekebisha baada ya kifungu husika kuanza kutumika, na ni misikiti mingapi iliyojenga hata mteremko mmoja? Michango hukusanywa kwa ajili ya mazulia, vipaza sauti na minara mirefu zaidi ya ile ya mtaa wa pili. Hatukatai uzuri wa nyumba za Mwenyezi Mungu. Tunauliza tu kwa nini bajeti ya mnara haijapata kuwa na mifuko michache ya saruji ya mteremko, na mfereji mmoja wa kutawadhia uliowekwa kwa kimo cha mtu aliyekaa katika kiti cha magurudumu. Khutba nazo, Ijumaa moja kwa mwezi, zinaweza kufasiriwa kwa ishara. Vijana wanaojua kufasiri wapo.

Kwa familia ambayo ina mtu nyumbani na haijui ianzie wapi, hatua ya kwanza ni hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ambako jopo la madaktari humpima na kujaza fomu ya tathmini. Fomu hiyo ndiyo hutumika kumsajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, naye hupata kitambulisho. Bila ya kitambulisho hicho mfanyakazi mwenye ulemavu hawezi kuomba msamaha wa kodi katika mshahara wake. Kwa wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa saa zote, uko pia mpango wa Inua Jamii unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, na mzazi anayetaka kuuomba aulize katika ofisi ya huduma za jamii ya eneo lake. Watoto wasioona wanapokewa Likoni, na wenye ulemavu wa viungo Port Reitz. Mwaka mpya wa masomo huanza Januari, na shule hizo huulizwa nafasi mapema.